Nilivyomfisha Mama Mkwe kwa Kalamu ya Wino

Leo nimefedheheka mbele ya mtaa mzima, na kaburi limechimbwa. Sisemi kwa mafumbo. Ni kaburi la kweli, la udongo mwekundu, kina chake kinanifika kifuani. Nimelichungulia mwenyewe.

Nawaandikia nikiwa nimejibanza nyuma ya jiko. Mbele ya nyumba bado kuna watu. Nusu wanacheka, nusu wanamalizia wali wa msiba. (Ulikuwa umeshapikwa. Hakuna aliyesema usiliwe.) Nimeona afadhali mlisikie kwangu kabla hamjalisikia kwa wengine, maana wengine wataongeza chumvi. Ingawa, nikifikiri vizuri, sijui wataitia wapi.

Mnanijua. Nina miaka hamsini na mbili, shahada moja ya fasihi, na makala kadhaa zilizosomwa na watu wachache, wengi wao wakiwa ni mimi. Watu wa Kasongo huniita Mwalimu, ingawa sijawahi kumfundisha mtu kitu. Na tangu mvua za mwanzo nimeanza kuchora.

Simaanishi kuchora kwa kubuni. Kuchora kwa kutazama! Unaweka kitu mbele yako, unakikodolea macho mpaka kikuchoke, kisha unachora unachokiona, si unachokijua. Nina kichupa cha wino mweusi, kalamu ya kuchovya, na boksi la penseli za rangi ishirini na nne, lililotoka Bukavu likafika na ishirini na moja. (Barabara yetu hujikatia ushuru wake.)

Mwezi wa kwanza nilichora mbuzi wa jirani. Mke wangu, Mama Salima, aliutazama mchoro kwa muda mrefu. "Kiti kizuri," akasema. Mwezi wa pili nikachora kiti. Akauliza ni mbuzi wa nani.

Lakini siku hizi mkono umefunguka. Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Ningekuwa bado nachora vibaya, leo asingekufa mtu.

Sasa, jambo lenyewe. Mama mkwe wangu, Mama Mwavita, alikuja kutoka Wamaza wiki tatu zilizopita, baada ya upepo kung'oa paa la nyumba yake. Ni mjane, na kule hana tena pa kurudi. Watoto wake ni wawili. Mke wangu anataka mama akae nasi hapa Kasongo. Shemeji yangu Ramazani, anayeuza mabuti na tochi kwa wachimba dhahabu kule Salamabila, anataka kumchukua yeye. Mama alisema atatoa jibu lake kesho, Ijumaa.

Wiki hii mke wangu hakulala. Anageuka huku, anageuka kule. "Salamabila!" anaiambia dari. "Muziki, mapikipiki, walevi. Mama yangu atakaa na nani?" Jana jioni akanishika mkono, jambo ambalo hufanya tu akiwa na ombi zito.

"Baba Salima, nakuomba. Mpaka Ijumaa usifanye kitu. Usilete mawazo. Na mbele ya mama usiseme Kifaransa."

"Kifaransa kimefanya nini?"

"Weye nyamaza tu."

Mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikaona ninaweza kusaidia.

Nikawaza: nimpe mama zawadi. Nimchoree kitu kizuri kiasi kwamba akitazama ukuta wa nyumba yangu aone yuko kwake. Picha yake mwenyewe? Haiwezekani. Kwetu mkwe ni mkwe. Humkodolei macho mama aliyemzaa mke wako. Akipita, unasogea, akikaa, unautazama ukuta. Kwa miaka ishirini na sita nimeuona uso wake vipande vipande, kama mtu anayesoma gazeti lililofungiwa karanga. Sasa nitamchoraje kwa kutazama mtu nisiyeruhusiwa kumtazama?

Ndipo nikapata ufumbuzi. (Nilijipongeza hata.) Nitachora vitu vyake! Wachoraji wana jina la mchoro wa namna hiyo, wa vitu vilivyopangwa mezani bila mtu. Kwa Kifaransa huitwa nature morte. Ukitafsiri neno kwa neno utapata "maumbile yaliyokufa", lakini kwa kawaida hafi mtu. Ni chungwa tu na sahani.

Leo asubuhi Mama Mwavita alitoka na kisu chake kidogo kwenda kuvuna mpunga kwa rafiki yake, ng'ambo ya mto. Mke wangu akaenda sokoni. Nyumba ikabaki yangu.

Nikaingia chumba cha mbele, nikatandika mkeka wa mama juu ya meza. Nikaweka birika lake la kutawadhia, la buluu, lililobabuka mdomoni. Kando yake sabuni mpya, bado na ncha zake kali. Tasbihi. Malapa yake mawili, moja likiegemea jingine. Nikarudi nyuma hatua tatu, nikafumba jicho moja. Palikosekana kitu. Palikosekana cheupe! Mchoraji yeyote atawaambia kwamba cheupe ndicho huziamsha rangi nyingine. Nikafungua sanduku la mke wangu, nikatoa kitambaa cheupe cha pamba, kipya, cha mita kadhaa. Nikakikunja taratibu, nikakilaza kando ya birika, ncha moja ikining'inia.

(Nyinyi Waislamu mnaonisoma mmeshaona. Mimi pia ni Mwislamu. Sikuona. Nilikuwa natazama.)

Nikachora. Kwanza penseli nyepesi, ili birika likae mahali pake. Halafu wino, nikishusha pumzi kila nikichovya. Mikunjo ya kile kitambaa ilinila saa nzima. Cheupe hakichorwi, jamaa, kinaachwa. Unachora kivuli chake kwa mistari myembamba, mmoja kando ya mwenziwe, unapitisha penseli ya kijivu, kisha zambarau kidogo sana, na karatasi yenyewe inajifanya kitambaa. Kuku aliingia, akanitazama, akatoka. Jasho lilitaka kudondokea tasbihi, nikalidaka kwa mkono wa shati. Nilipomaliza, kwa kweli ya Mungu, ungeweza kutawadha kwa birika lile la karatasi.

Chini, kwa mwandiko wangu bora, nikaandika: Nature morte. Mama Mwavita. Kasongo. Na tarehe ya leo, kwa sababu mchoraji huweka tarehe.

Nikaupiga picha. Nikautuma kwenye kundi la ukoo wa mke wangu, lenye watu kuanzia Lusangi hadi Salamabila. Chini yake nikaongeza maneno mawili matatu ya unyenyekevu: "Nimemaliza. Nimefanya nilivyoweza. Zaidi ya hapo ni Mungu."

Picha ikaondoka. Simu ikazima. Betri.

Nikakifunga chumba kwa kufuli, kuku asije akavuruga mpangilio wangu, nikatia ufunguo mfukoni na mchoro ndani ya bahasha kubwa. Simu nikaiacha kwenye duka wanapochajisha kwa jua. Kisha nikaelekea kwa fundi seremala kutafuta fremu.

Njiani nilipokewa kwa namna ambayo sijawahi kupokewa mjini humu.

"Pole, Mwalimu!" akaniita muuza sukari, akisimama kabisa.

"Asante!" nikamjibu. "Nimeshapoa!"

Hatua kumi, mwingine, mkono kifuani: "Pole sana, Mwalimu. Tumeona kwa simu."

"Mmeiona? Mmeionaje?"

"Ee, Mwalimu. Imetuumiza."

Imewaumiza! Kumbe watu wetu wana moyo wa sanaa, nasi tunawadharau. Nikatembea kifua mbele. Nilifikiri ni ile pole ya kazi. Mtu akitoka shambani si anapewa pole? Mtu akibeba maji si anapewa pole? Basi na mchoraji amepata yake, baada ya miezi mitatu ya kuchora mbuzi kama viti.

Seremala, Papa Kalume, ni Mkristo aliyetoka upande wa Kivu. Alivua kofia aliponiona.

"Pole, Mwalimu. Nilisikia. Ilikuwa ngumu?"

"Kitambaa ndicho kilinisumbua," nikamwambia. "Vingine vyote vilikwenda haraka."

Akatikisa kichwa polepole. "Na miye nikusaidie nini?"

"Mbao nne nyembamba. Za kumzungushia Mama Mwavita."

"Kumuzungushia." Akafikiri. "Nilijua nyinyi Waislamu hamutumiki na mbao."

"Nikimtundika bila mbao atajikunja."

Papa Kalume akaweka msumeno chini. "Kumutundika wapi?"

"Sebuleni, juu ya redio. Kila mgeni akiingia amwone."

"Mwalimu. Kaa kwanza. Kunywa maji."

Nikanywa maji. Akaniuliza vipimo, kwa sauti ya mtu anayezungumza na mgonjwa. Nikamwonyesha kwa mikono: upana huu, urefu huu. Akaitazama mikono yangu, akanitazama mimi.

"Yote ya mama iko ndani ya hiyo?"

"Nimempunguza," nikasema, "ili aingie."

Hakuuliza tena. Alipiga misumari huku midomo ikimtetemeka, nikadhani anahesabu. Nilikaa pale mpaka baada ya adhuhuri, nikimweleza kwa furaha jinsi cheupe kinavyoachwa. Alipomaliza akanisindikiza mpaka barabarani, akabaki amesimama pale ananitazama naondoka.

Nikakata kona ya mtaa wetu, nikasikia vilio.

Uani kwangu kulikuwa na turubai. Chini ya turubai mikeka, juu ya mikeka watu, na watu wote wanalia. Mioto mitatu, sufuria kubwa za wali. Mke wangu chini, kilemba kimemtoka, anajigaragaza.

Nikamshika Mzee Amisi, jirani anayetusalisha msikitini.

"Nani amekufa?"

Akaniwekea mkono begani. "Mwalimu, kubali tu. Ni mama mukwe wako."

Akilini nikamwona mama amelala katikati ya mpunga, kisu mkononi, wakati mimi huku napanga malapa yake! Nikaangua kilio. Mimi, niliyewahi kuandika kurasa nne kuhusu ustaarabu wa kujizuia! Nililia kwa sauti iliyowanyamazisha wengine. Nikajitupa chini kando ya mke wangu, fremu ikanichoma ubavuni, nikaona hata maumivu hayo ni haki yangu.

"Alisema nini mwishoni?" mke wangu akaniuliza kwa kwikwi.

"Sijui! Sikuwapo!"

"Hukuwapo vipi? Si weye uliandika umefanya ulivyoweza?"

"Niliandika wapi?"

"Kwa kundi!"

Nikaacha kulia. Kilio kikikatika katikati hukatika vibaya sana. Hubaki kooni kama chafya iliyokataa kutoka.

Wakati huohuo wakanijia wanawake watatu, mikono ya nguo imekunjwa, ndio wale wanaoosha maiti wa kike mtaani kwetu. Mkubwa wao alikuwa ameudhika.

"Mwalimu, lete ufunguo. Mama iko nangoja humo ndani tangu asubuhi. Joto iko mingi."

"Hayumo."

"Hayumo? Umemupeleka wapi?"

"Kwa mpunga," nikasema. (Ndilo jibu nililokuwa nalo.)

Mtu akanipa simu yake. Nikautazama mchoro wangu, na kwa mara ya kwanza nikauona kama wengine walivyouona. Birika. Sabuni mpya. Malapa yasiyo na mtu. Sanda. Ee, sanda! Imekunjwa vizuri, kila mkunjo mahali pake. Jina la mama, jina la mji, tarehe ya leo. Neno morte, ambalo hapa kila mtu husoma mort, kifo, kwa wino mweusi. Na chini yake, mkwe mwema anatangaza kwamba amefanya alivyoweza. Kufuatia hapo, dua za watu wa Lusangi, machozi ya watu wa Kabambare, na ujumbe mmoja wa Ramazani: "Nakuja. Musizike mbele sijafika."

Nikasimama. Nikajipangusa vumbi. Nikakohoa kama mtu anayeanza mhadhara.

"Ndugu zangu, hajafa mtu. Hii ni nature morte."

"Mort ya nani?" akauliza Mzee Amisi.

"Ya... ya birika."

"Birika imekufa?"

"Mzee, ni Kifaransa. Maana yake vitu vimetulia."

"Hata maiti iko imetulia," akasema mwoshaji mkubwa.

Mke wangu alikuwa amesimama. Machozi yalikuwa bado yanamtiririka, lakini uso ulikuwa umeshahama upande.

"Nilikuambia usiseme Kifaransa."

"Sikusema, Mama Salima. Niliandika."

Sijui angenijibu nini, na sitaki kujua. Maana wakati watu wote wamenigeukia mimi, kwa njia ya nyuma, kupitia migomba, Mama Mwavita akaingia na mzigo wake wa mpunga kichwani.

Mnajua desturi yetu. Ukifika penye msiba unalia kwanza, kuuliza kunafuata. Mama alipoliona turubai akatua mzigo, akaweka mikono kichwani, akapiga ukelele wa Wamaza, ule unaovuka bonde na kurudi. Akaketi mwisho wa mkeka, kando ya Mama Kashindi, jirani yetu wa pili, aliyekuwa ameinamisha kichwa ndani ya kitenge. Wote walikuwa wakinitazama mimi, na msibani hakuna anayegeukia kilio kipya. Mimi peke yangu nilimwona, nikanyoosha kidole, wakadhani naendelea na mhadhara. Nikawasikia wawili hao vizuri kabisa.

"Nani, dada yangu?" mama akauliza akilia.

"Mama Mwavita," akajibu Mama Kashindi kutoka ndani ya kitenge.

"Yule wa Wamaza?"

"Yeye. Mukwe wa Mwalimu."

"Maskini! Leo asubuhi si alikuwa muzima?"

"Kifo hakipigi hodi, dada. Mungu amurehemu. Lakini tuseme ukweli, kinywa chake kilikuwa kikali."

Mama akaacha kulia. "Kikali namna gani?"

Mama Kashindi akafunua kitenge ili aeleze. Alieleza kwa miguu. Sijawahi kuona mwanamke wa umri ule akiruka sufuria ya wali. Nyuma yake mkeka mzima ukasimama. Waoshaji wawili wakapita kwenye ua wa matete bila kutafuta mlango, na Mzee Amisi, ambaye kila wiki hutuhimiza tusiogope mauti, nilimwona amejificha nyuma ya nguzo ya turubai, nguzo yenyewe ni nyembamba kuliko yeye.

Mama Mwavita akabaki amekaa peke yake katikati ya uwanja.

"Nani amenifisha?" akauliza.

Vidole vyote vikanielekea. Cha mke wangu kilitangulia.

Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu nioe, nikajikuta nimeutazama uso wa mama mkwe wangu wote mzima, uso kwa uso, bila ukuta wa kukimbilia. Una mashavu mapana na makovu mawili madogo karibu na jicho la kushoto. Ningeuchora bila kukosea. Haukuwa wakati wake.

Nilimpigia magoti nikamweleza. Nilieleza kutazama, nikaeleza cheupe, nikaeleza birika. Kadiri nilivyoeleza ndivyo ilivyozidi kuwa mbaya. Watu walianza kurudi mmoja mmoja, wakimgusa mama mkono kwanza kuhakikisha. Kicheko cha kwanza kilitokea upande wa sufuria. Kikasambaa. Mimi bado niko magotini.

Nikadhani hapo ndio mwisho wa aibu. Wakaingia wanaume wanne wenye majembe, wamelowa jasho na udongo.

"Kaburi tayari," wakasema. "Tumechimba kule juu, mahali pazuri. Maiti iko wapi?"

"Ni miye," akasema Mama Mwavita.

Mmoja akakaa chini palepale.

Kicheko kikaisha, maana hili sasa lilikuwa jambo. Mzee Amisi akatoka kwenye nguzo yake. "Kaburi likishafunguka halilali wazi," akasema. "Wazee wetu walikataa. Linabaki na kinywa, litatafuta mutu." Mwingine akasema tukate mgomba tuuzike, ndivyo inavyofanywa. Wakaanza kutafuta panga.

"Mugomba una kosa gani?" mama akauliza. Akanyoosha mkono kwangu bila kunitazama. "Si munasema iko mort? Lete hiyo mort."

Nikautoa mchoro kwenye bahasha. Nikauweka kwenye fremu ya Papa Kalume, kwa sababu sikujua nifanye nini kingine na mikono yangu. Nikampa. Mama akaushika mbali na macho, kama wanavyofanya watu wa umri wake. Akautazama.

"Hii birika ni yangu."

"Ndiyo, mama."

"Hata pale ilibabuka."

"Ndiyo, mama."

"Iko imefanana sana."

Sekunde tatu, jamaa. Kilele cha maisha yangu ya uchoraji kimedumu sekunde tatu.

"Uzikwe," akasema.

Tukaenda. Msifikiri ni mzaha: tulikwenda kwa mstari, mimi mbele nimebeba fremu kwa mikono miwili, nyuma yangu mtaa mzima unauma midomo. Barabarani watu walisimama kwa heshima, halafu wakaona kinachobebwa, halafu wakajiunga. Makaburini niliteremshwa mimi mwenyewe. Nikaulaza mchoro chini. Ulionekana kama stempu ndani ya bahasha ya ofisi. Nikamtazama Mzee Amisi kule juu, nikidhani labda atasema neno.

"Miye sisomei karatasi," akasema.

Nikapandishwa. Nikatupa udongo wa kwanza. Papa Kalume, ambaye alikuja mbio na suti yake ya kanisani, akaniuliza kwa sauti ndogo kama fremu lazima izikwe nayo. Nikamwambia ndiyo. Akasikitika kwa dhati. Kati ya wote, yeye ndiye aliyefiwa.

Tuliporudi tulikuta pikipiki tatu mlangoni, nyekundu kwa vumbi. Ramazani alikuwa ndio kwanza amefika kutoka Salamabila na watu watano, baada ya kupanda na kushuka vilima tangu asubuhi. Alikuwa amesimama uani, uso umejaa udongo na mifereji miwili ya machozi, anamtazama mama yake anayekula wali wa msiba wake mwenyewe kwa nyama.

Alimwangukia miguuni. Alilia, akacheka, akalia. Halafu akanyanyuka, akanitafuta kwa macho, akanipata. (Nilikuwa nyuma ya Mzee Amisi. Zamu yangu.)

"Mama, funga vitu vyako," akasema. "Hii nyumba imekufisha mara moja. Itakufisha tena. Kesho asubuhi tunaondoka."

Nikamtazama mke wangu. Hakulia, na hilo ndilo lilinitisha. Alikuwa amesimama na mwiko mkononi. Nikajua akiondoka mama, mimi ndiye nitakayekuwa nimemwondoa, na maneno hayo hayatasemwa kamwe ndani ya nyumba yangu kwa sababu hayatahitaji kusemwa. Nilitafuta utetezi. Shahada yote ile, sikupata hata sentensi moja.

Mama alitafuna mpaka akamaliza. Akanawa mikono.

"Ramazani. Kule Salamabila nikikufa, nani atalia?"

"Miye, mama."

"Weye na nani?"

"Majirani."

"Majina yao?"

Ramazani akainua kidole ahesabu. Majirani wa machimbo wanahama na dhahabu; anayelala mlango wa pili leo, mwezi ujao hayupo. Akajaribu jina moja, akakumbuka huyo alishaondoka. Akakunja kidole.

"Miye leo nimeona kilio yangu," mama akasema. "Ni wangapi wanapata kuona? Mikeka kumi na mbili. Watu wa mitaa sijawahi kufika. Mukristo amevaa suti. Nilifikiri hapa niko mugeni." Sauti ikabadilika, ikapata makali. "Na tena iko wale hawakukuja. Mwajuma wa kisimani hakukuja, na chumvi yangu alikula. Mwenye mashine ya kukoboa hakukuja. Huyu Kashindi alikuja, lakini alisema mambo. Sasa, hayo yote nitamwachia nani? Ninakaa."

Mke wangu akaangusha mwiko, akakaa chini, akalia kilio chake cha pili cha leo, kizuri kuliko cha kwanza. Ramazani akaomba wali.

Mimi nikaanza kurudi nyuma taratibu kuelekea jikoni. Sikufika.

"Na weye, baba," mama akasema, akiutazama ukuta, nami nikaukimbilia ukuta uleule. "Leta karatasi na ile wino yako. Andika wale hawakukuja."

Nimeandika majina kumi na tisa mpaka sasa, na ananiita tena. Nawaomba sana, mtu asicheke. Na kama uko Kasongo na leo hukufika kwangu kulia, pita kesho asubuhi ulie hata kidogo. Orodha inafungwa baada ya sala ya Ijumaa.